Chungu Yenye Haikugusa Nguruwe

Siku niliacha kazi, balinifunika kitenge mupya mabegani, na Padri Dirikteri, mukubwa ya shule, akasimama kusoma maneno. Alisema nyumba hii imelisha batoto mingi. Ile ni kweli, nilikuwapo. Alisema mikono yangu imezeeka katika kazi ya Mungu. Ya Mungu sijui. Ya mihogo najua. Kisha akasema nyumba hii njo imetoa batoto ya makabila kidogo ya hapa ziwani, Bangwana ya Baraka na bavuvi ya Ubwari, ikabafikisha ku iniversite kwa njia ya buruse, ile feza ya serikali ya masomo. Bantu bakapiga makofi. Mimi niliinamisha kichwa, na mama mumoja akanipa kitambaa, alizani ninalia.

Sikukuwa ninalia. Nilikuwa na hasira, na mpaka leo ninayo, njo maana ninaandika. Ninyi bamama benye mumebaki jikoni kule mulipiga makofi pia. Sina lawama, hamukukuwapo. Lakini mimi nimegawa chakula katika ile bweni miaka yote, najua kila kinywa yenye ilikulia pale, na Mungwana mwenye alitoka pale kwenda iniversite simujui. Nilimujua mumoja tu mwenye alipaswa kwenda. Basi musikilize. Shule yangu ilikuwa ya katekismo, chini ya mwalimu mwenye kusinzia, kwa hiyo maandiko yangu inapinda. Maneno yenyewe haipindi.

Nilikuja misioni mwaka bwana yangu alikufa na homa, akaniachia batoto batatu na nyumba yenye paa ya kuvuja. Wakati ule jiko ya bweni ilikuwa kazi ya banaume. Mukubwa ya jiko alikuwa Muzee Asende, mutu wa Fizi kule mulimani, jicho moja imeharibika na moshi, ingine inaona vitu yenye haipaswi kuona. Alinitazama toka miguu mpaka kichwa.

"We unajua kupika?"

"Najua."

"Kwa bantu ngapi?"

"Kwa nyumba yangu."

"Basi haujui."

Akanipa mwiko. Ile mwiko ilikuwa kafi ya mutumbwi yenye ilikatwa upande, na mimi nikaishika kama mwiko ya nyumbani, na mikono. Bukari, ile ugali yetu, ikanishinda. Ikafanya mabonge, chini ikaungua, na batoto ya bweni bakaimba siku nzima juu ya mama mupya mwenye amewapikia mawe. Muzee Asende hakunitukana. Alikula lile bonge moja mbele yangu, pole pole, akameza, akasema: "Bukari ya bantu mingi haisongwi na mikono. Inasongwa na mugongo. Simama vizuri." Kesho yake nilisimama vizuri. Mugongo huu wenye munaona umepinda, ulipindia pale.

Alinifundisha mengi, na yote munapaswa kuijua. Ndakala, zile samaki kidogo kidogo ya ziwa, zioshwe maji tatu, juu muchanga ikibaki, mutoto hasemi kitu, anatema tu chini ya meza, na aibu ni yako. Sombe, majani ya mihogo, isitwangwe na kitunguu. Mawese yenye imeungua inaumiza tumbo, musiamini mutu mwenye atawaambia inaleta harufu nzuri. Na usigawe chakula ukiwa na hasira, utapunguzia mutoto mwenye hana kosa. Hiyo ya mwisho nilijaribu kuifuata. Siku moja tu nilishindwa, nitawaambia.

Kulikuwa pia chungu moja ndogo, ya udongo mweusi, nyuma ya mafiga ya moto ya pili. Siku yangu ya tatu niliikamata niweke maji ndani. Muzee akanipiga ku mukono na kijiko.

"Hii haigusi nguruwe."

"Juu ya nini?"

"Juu nimesema."

Misioni ilikuwa na zizi ya nguruwe pale chini ku kijito, mulikuta tu mawe yake. Siku ya sikukuu bachinjaga moja ao mbili, na jiko yote inanuka mafuta yake. Mbuzi pia bachinjaga, na mwenye kuchinja alikuwa mulinzi, Mukristo wa kwetu. Lakini ile chungu ndogo haikuingia nguruwe wala mbuzi. Samaki tu. Niliona kwamba siku ya nyama, Muzee Asende anaenda mwenyewe kugawa, na kwamba batoto babili, watatu, banajipanga kila mara nyuma kabisa ya mustari. Akifika kwao anabadilisha kijiko. Mutu mwenye amekuonyesha kusonga bukari haumuulize mara mbili.

Alinieleza mwaka alirudi kwao Fizi, mwili imechoka. Bale batoto balikuwa Bangwana. Munabajua: zile familia ya Baraka yenye inasali Ijumaa, bashona nguo, bauza chumvi na vitambaa, benye mitumbwi ya kubeba mizigo, bako hapa tangu babu zao. Misioni haikuwa na sheria ya kukataza mutoto wao. Haikuandikwa popote. Lakini mutoto mwenye hana maji ya ubatizo juu ya kichwa, kiti yake ilikuwa haipatikani. Mwaka huu imejaa. Mwaka kesho imejaa. Basi baba wengine na bamama wengine bakachoka kungoja, bakatoa mutoto na majina mawili: moja ya nyumbani, ingine ya darasani. Na mutoto mwenye amebatizwa akaonekana hali nguruwe siku ya sikukuu, bakasema ubatizo yake ni ya uongo, anarudishwa kwao siku ile ile. Muzee Asende aliona mumoja amerudishwa hivyo, na godoro yake kichwani. Njo akaenda sokoni kununua chungu.

"Mi Mukristo," aliniambia. "Nitakufa Mukristo. Lakini sijaona fasi Yesu alimufukuza mutu juu ya nyama."

Akaniachia jiko, na chungu, na ile kafi.

Mwaka wa pili wa mimi kushika jiko, Mwajuma akakuja mulangoni na kijana yake. Mwajuma nilimujua vizuri, alikuwa anatuletea mukeke toka ufukoni. Bwana yake Shabani alibeba mizigo kwa mutumbwi kati ya Baraka na Ubwari, na kwa hiyo nyumbani alionekana kama mwezi, leo iko, kesho haiko. Kijana alikuwa mwembamba, macho inasoma kila kitu, hata neno yenye ilikuwa imeandikwa ku pipa ya mafuta. Mwajuma aliweka kitunga ya samaki chini.

"Apolina. Kesho banamubatiza. Atakuwa Klementi."

"Na kwenu ni nani?"

"Ramazani. Atabaki Ramazani."

"Na we unaonaje?"

Alitazama kule kanisani. "Maji ya Padri itakauka. Lakini nguruwe ikiingia ndani yake, mi sina namna ya kuitoa. Nasikia uko na chungu."

Nilimwambia sina chungu yoyote. Mukumbuke, mulango ilikuwa wazi. Kisha nikamuuliza kijana kama anapenda pilipili. Mwajuma akaelewa, akanichagulia mukeke kubwa katika kitunga, akaenda bila kushukuru. Nilipenda vile. Mutu mwenye anakushukuru kwa sauti anakuletea shida.

Sasa niwaambie namna ya kufanya, juu pengine mutaihitaji. Unatafuta kambale ya kukaushwa na moshi, ile nene. Unailoweka asubuhi, unatoa mifupa yote, hata ule mwiba kidogo ya pembeni, juu mwiba ku sahani njo itakusaliti. Unakata vipande kama vya nyama, vya mraba. Unakaanga mpaka inakamata rangi, kisha unaitia mu mawese na kitunguu mingi na nyanya, mupaka mchuzi inakuwa nyekundu sawa na ile ya sufuria kubwa. Unaiweka mwisho wa meza. Kijiko yake iko pembeni. Mutoto anakuja wa mwisho, wewe unalalamika kwa sauti: "Kila siku wewe unachelewa, Klementi, utakula mabaki!" Bantu bote bacheka. Hakuna mwenye anatazama ku sahani ya mutu mwenye bamemucheka.

Rafiki zake ku meza balijua, bila shaka. Mutu mwenye amekaa karibu na kambale anajua ni kambale. Alikuwako kijana mumoja, Lubunga, Mubembe kama mimi, mudomo yake haina mulango. Kila sikukuu alikuwa anamunong'oneza: "Mungwana, nguruwe yako leo iko na sharubu." Lakini Padri akipita, Lubunga alikuwa wa kwanza kusema: "Padri, Klementi amekula yote, ametuibia hata ya kwetu!" Mi nilimuongezeaga Lubunga bukari. Hakujua juu ya nini.

Miaka ikaenda vile. Ramazani alikuwa anaongoza darasa yake kila mwaka, mpaka balimu bakaacha kushangaa. Siku ya likizo alikuja kukaa ku jiwe nje ya jiko, anachambua maharagi na mimi, anasema atasoma sheria. Nilimuuliza sheria gani. Alisema: "Ile yenye haijaandikwa popote, Mama. Nataka nibalazimishe baiandike, ili mutu aweze kuisoma na kuikataa." Nikamwambia achambue maharagi.

Ndipo habari ya buruse ikafika. Ilikuwa ile miaka bazungu balianza kusema kwamba mutu mweusi naye anaweza kuingia iniversite. Gari ya bureau ya serikali ilishuka toka Fizi, ikasimama uwanjani, na karani Matayo akapanda juu ya kiti na kusoma. Alisema serikali imeona kwamba kuna makabila kidogo yenye imebaki nyuma. Haina hata mutoto mumoja ku masomo ya juu. Basi itatoka buruse ya peke yake, kwa batoto ya Bangwana na ya bavuvi ya Ubwari. Komisioni itakuja kuchagua. Mutoto awe na kabila ile, na awe anamaliza masomo makubwa ya misioni.

Mimi Mubembe. Ile buruse haikuwa ya batoto yangu, na sikuwa na wivu nayo. Nilifurahi hata. Nilitoka jikoni na unga ku mikono, nikaenda mpaka ufukoni, nikamukuta Mwajuma anapanga samaki. Alikuwa amekwisha sikia. Baraka yote ilikuwa imesikia.

"Sasa atatoka na jina yake," alisema. Mara ya kwanza nilimuona anacheka na meno yote. "Apolina, atatoka na jina yake!"

Komisioni ilikuja karibu na mutihani ya mwisho. Mabwana batatu bazungu, mukubwa yao na miwani, na karani Matayo wa kugeuza maneno ya Kifaransa na ya Kiswahili. Balikaa katika chumba yetu ya kulia, ku meza ya Padri. Sisi jikoni tulikuwa tunabapikia: Padri aliamuru nguruwe, kwa heshima ya bageni. Madirisha ilikuwa wazi juu ya joto, na nje bantu ya Baraka balijaa, Mwajuma mbele kabisa, na mutandio yake nzuri. Baba yake Ramazani alikuwa ku ziwa.

Nilikuwa mulangoni na sahani. Niliona na kusikia yote, kwa hiyo asije mutu kuniambia ilikuwa namna ingine.

Bwana wa miwani aliuliza, Matayo akageuza: "Bwana anauliza, katika hii shule kuna Bangwana ngapi?"

Padri Dirikteri, yule wa wakati ule, si huyu, alijibu mwenyewe kwa Kiswahili, ili bantu ya dirishani basikie: "Hapa hakuna Bangwana. Hapa tuko na Bakristo tu."

Matayo akageuza tena: "Basi buruse apewe nani?"

Ramazani akasimama bila kuitwa. "Mimi, Bwana. Mimi ni Mungwana. Ramazani mwana wa Shabani. Babu yangu amezikwa hapa Baraka."

Matayo hakungoja Bwana. Aliuliza yeye mwenyewe, na sauti tamu: "Darasani unaitwa nani, kijana?"

"Klementi."

"Klementi Mungwana," Matayo akasema. "Ile ni samaki gani?"

Bantu wengine bakacheka. Matayo alikuwa anajua Ramazani ni nani. Alikuwa ananunua mukeke kwa mama yake kila alipotelemuka Baraka. Lakini Matayo alikuwa na mutoto wa dada yake katika darasa ile ile, Feliksi, na Feliksi alikuwa wa pili.

Mabwana bakasemezana. Kisha Matayo akageuza: "Bwana anasema, ku Ulaya hata mutoto anajua kwamba Mungwana hali nguruwe. Na Padri anasema hapa kila mutu anakula kila kitu. Muite mupishi, aseme."

Nikaingia. Niliweka sahani chini kwanza.

"Mama Apolina," Matayo akasema, "huyu Klementi anakulaga nguruwe?"

Fikirieni vile nilikuwa. Nikisema ndiyo, mutoto ni Mukristo kama bengine, buruse si yake. Nikisema hapana, ubatizo yake ni ya uongo, Padri anamurudisha kwao leo na godoro kichwani, mutihani haifanyi, na bila diplome buruse inamupita vilevile. Ile chungu yenye ilimufikisha pale njo ilikuwa inamufunga. Nilimutazama Padri. Padri alikuwa anatazama mikono yake.

Nikasema: "Mi nagawa. Chakula ikiisha ingia kinywani, si kazi yangu tena."

"Mama, usitupikie methali. Ndiyo ao hapana?"

Ramazani njo aliongea. "Mama Apolina, acha. Nguruwe iko pale jikoni, bote tunasikia harufu. Muilete hapa ku meza. Nikikula, mutasema mi si Mungwana, hakuna buruse. Nikikataa, Padri atasema mi si Mukristo, hakuna diplome. Basi muchague ninyi. Munataka nikule, ao munataka nisikule? Nitafanya yenye mutasema."

Bwana wa miwani akauliza kitu, na Matayo akageuza kwa Kifaransa. Maneno yote ile ya Ramazani ikageuka maneno mbili, tatu. Moja niliitambua, juu balitutukanaga nayo kila siku: ensolan, mutu asiye na adabu.

Mwajuma akapiga ubao ya dirisha na kiganja. "Mulisema Ramazani haingii, tukawapa Klementi! Leo munasema Klementi haingii! Basi mutupe jina yenye inaingia, tumuite ile!" Mulinzi akamuvuta na mukono, mutandio ikaanguka chini.

Hapo njo hasira ilinishinda. Nikasema, na nilisema kwa nguvu: "Hajakula hata siku moja. Mi njo nilimupikia samaki, kwa chungu yake, tangu alifika hapa. Ni Mungwana, na ni wa kwanza katika darasa yenu, na munajua yote mbili. Kama kuna zambi, muniandikie mimi."

Safari hii Matayo aligeuza kila neno, hakuacha hata moja. Bwana alivua miwani, akaipangusa. Akasema pole pole, kama mutu mwenye huruma, na Matayo akatuletea: "Bwana anasema, kumbe kijana amedanganya Padri yake miaka yote. Buruse ni kwa bantu ya kuaminika."

Mi nilizani milango ni mbili. Kumbe ilikuwako ya tatu, nayo ilikuwa imefungwa tangu zamani.

Buruse ilipewa Feliksi. Balisema mama yake alizaliwa Ubwari, kwa hiyo yeye ni mutoto wa bavuvi. Feliksi akiona mutumbwi anatapika. Mama yake alipita Ubwari siku moja, kwa matanga. Lakini Feliksi alikwenda, na akienda bakapiga picha, na ile picha njo munaona katika bureau ya Dirikteri, na chini yake imeandikwa makabila kidogo.

Mutaniuliza: na bageni, ulibagawia nguruwe? Niliwagawia. Nilisema kuna siku moja nilishindwa na fundisho ya Muzee Asende, ni ile. Niliwawekea ngozi na mafuta, na nyama yenyewe nikawapa batoto ya bweni. Mabwana bakatafuna, bakatafuna. Niliwatazama toka mulangoni mpaka bakaacha.

Padri hakumufukuza Ramazani. Alihitaji alama zake: mutihani ilikuwa karibu, na shule yenye mutoto wake anaongoza inasifiwa. Lakini aliniita. "Kuanzia leo kuna chungu moja tu katika jiko hii. Ile ingine uivunje, nisikie."

Nikaenda nyuma ya jiko nikavunja chungu, akasikia. Nilivunja ile alikuwa anawekea mafuta yake ya nguruwe.

Zile siku zilizobaki Ramazani alikula mbele ya bote, bukari na chumvi, hakujipanga tena nyuma ya mustari. Alisimama fasi alifika. Lubunga akamusukumia maharagi yake. "Kula, Mungwana. Haragi haina dini." Ramazani akakula. Akafanya mutihani, akaongoza, Padri akasoma jina Klementi kwa sauti kubwa, na yeye akaenda kupokea diplome bila kugeuza uso.

Kisha akapanda mutumbwi ya baba yake. Leo anapima magunia ya pamba kwa mufanyabiashara mumoja kule kusini ya ziwa. Anapima vizuri, nasikia. Hakuna mwenye anamudanganya na mizani.

Mwajuma hakuja jikoni mwezi muzima. Alikuwa anatuma mutoto ya jirani na samaki. Siku alikuja mwenyewe, aliweka kitunga chini, akabaki amesimama. Nilimwambia: "Mwajuma, nilisema yote. Ulisikia."

"Nilisikia."

"Basi una hasira gani na mi?"

"Sina hasira na wewe." Alikuwa anatazama nyuma ya mafiga, fasi chungu ilikuwaga. "We ulipika vizuri, Apolina. Ulipika vizuri sana. Kama ungepika vibaya, bangemukamata mwaka wa kwanza, angekuwa na mutumbwi yake leo na roho yake yote." Akaokota kitunga, akaenda.

Buruse haikufa. Ilikuja mwaka wenye ulifuata, na mwingine. Kila mara Bwana mumoja anauliza Bangwana bako wapi, na kila mara banamujibu hakuna, hawapendi shule. Nilisikia na masikio yangu, nikiwa nabeba sahani: hawapendi shule. Banatafuta mutu mwenye amevuka muto bila kulowa, na mulango ya kuingilia benyewe bameiweka ndani ya maji. Kisha banamupa mutoto ya mutu wa bureau, na mama yake anazaliwa upya Ubwari. Ile rasi ya Ubwari imezaa bamama mingi, mi nawaambia. Hata uzazi ya ndakala haifikie pale.

Njo ile hotuba mulipigia makofi.

Sasa banasema mambo itabadilika, bazungu bataondoka, kila mutoto atasoma. Inawezekana. Nimeona Matayo ameanza kuvaa miwani. Kwa hiyo musikilize vizuri, ninyi benye mumebaki na moto.

Chungu iko. Iko nyuma ya pipa ya mawese, upande wa ukuta, nimeifunika na kitunga ya zamani yenye hakuna mutu ataitaka. Musiioshe pamoja na zingine, na majivu yake itoke ku moto ya pili. Kijiko yake iko ndani. Ufa iko moja ku mudomo, musiogope, haivujishi. Siku mama atasimama mulangoni na mutoto, anaweka kitunga chini na hasemi kitu, musimuulize jina ya mutoto, ya kanisani wala ya nyumbani. Bengine batamuuliza ile, bako mingi. Ninyi mumuulize anakulaga nini, kisha muwashe moto.